Kuchapa upya kitabu cha kale: maana yake na kazi iliyomo

Ukifungua ukurasa wa hakimiliki wa kitabu cha Kiswahili utakuta maneno mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya: chapa na toleo. Chapa ya pili ni maandishi yale yale yaliyorudi mtamboni kwa kuwa nakala za kwanza zimekwisha. Toleo la pili ni kitabu kilichoguswa: kimesahihishwa, kimeongezwa, au kimepunguzwa. Kitabu cha kale kinaporudishwa kwa wasomaji wa leo kinaweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili, na matatizo mengi huanza pale mchapishaji asiposema amefanya lipi.

Tuchukue kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichokiandika kimeegemea sana Kimvita, lahaja ya Mombasa. Tahajia yake ni ya kabla ya usanifishaji. Hata jina la lugha aliliandika Suahili. Mwaka 1925 ikatoka London kamusi iliyotokana na hiyo, ila imepitiwa na kupangwa upya na mmisionari mwingine, Archdeacon Binns. Kisha mwaka 1969 mchapishaji wa New York akairudia ile ya 1882 kwa picha, ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi anayetaka kutafuta neno upesi atapenda ile ya 1925. Mtafiti anayetaka kujua Krapf alisikia nini Mombasa na Rabai, kijiji cha jirani, hana budi kuishika chapa ya picha, kwa sababu tahajia yenyewe ni ushahidi wa matamshi. Ukiisanifisha, ushahidi umefutika.

Chapa ya picha huonekana rahisi, lakini huharibika kwa njia nyingi. Kabla ya skana kuwashwa, kurasa zihesabiwe moja moja, na nakala mbili zilinganishwe: vitabu vya karne ya 19 mara nyingi vimepoteza ramani iliyokunjwa, karatasi ya masahihisho, au kurasa za mwisho. Kitabu kisilazimishwe kulala wazi kabisa. Kiwekwe kwenye kitanda chenye mbavu mbili, kifunguliwe kama nyuzi 90 hadi 100, la sivyo mgongo utavunjika. Ramani ikunjuliwe kwanza. Ziko chapa nyingi sokoni ambazo ramani yake ni picha ya karatasi iliyokunjwa, na hilo ni kosa lisilosameheka, kwani kurasa nyingine zinaitegemea.

Piga picha kwa nukta 400 kwa inchi, kwa rangi au kijivu, uihifadhi bila kuibana, yaani bila kupunguza ukubwa wa faili. Faili la kuchapia, ambalo huwa nyeusi na nyeupe tupu, lifike nukta 600. Hapo kwenye kugeuza kijivu kuwa nyeusi ndipo kitabu hupona au hufa. Ukikaza mno, wino uliosambaa hujaza tumbo la «e» na «a» mpaka zinafanana. Ukilegeza mno, alama ndogo juu ya herufi hudondoka, na katika kamusi za wamisionari alama hizo ndizo maana. Kiwango kimoja hakifai kitabu kizima. Ukurasa uliofifia upewe chake. Ubanaji wa faili nao una hatari yake. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba baadhi ya mashine za skana zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, kwa sababu programu ya kubana iliona alama mbili zinafanana ikatumia picha moja kwa zote. Ukurasa ulionekana safi kabisa, na ndiyo maana kosa la namna hiyo ni gumu kulikamata.

Njia ya pili ni kupanga herufi upya. Faida yake iko wazi: herufi kubwa kidogo, kurasa zinazosomeka kwenye simu, maneno yanayotafutika. Lakini kompyuta inaposoma picha na kutoa maandishi, usidanganywe na asilimia. Usahihi wa 99 kwa 100 kwenye ukurasa wa herufi 2,000 ni makosa 20, katika kila ukurasa. Programu iliyofunzwa kwa lugha nyingine huona «rn» ikaandika «m», na hupenda sana kuudondosha ule mkato wa «ng'». Basi «ng'oa», kutoa kitu kilichoota, inakuwa «ngoa», ambayo ni tamaa au wivu. Kikagua tahajia hakitalia, kwani yote mawili ni maneno halali. Dawa iliyothibitika ni watu wawili waandike matini kila mmoja peke yake, kisha kompyuta ionyeshe walipotofautiana, na mtu wa tatu aamue akiwa na kitabu cha asili mbele yake. Akiamua kwa kukumbuka tu, atasahihisha hata kile ambacho mwandishi alikikusudia.

Ukipanga herufi upya, namba za kurasa hubadilika, na hapo ndipo wasomi wanapoachwa njiani. Makala zilizoandikwa kwa miaka 100 zinataja «uk. 214» wa kitabu cha zamani. Weka namba ya zamani kwenye mabano ya mraba pembeni, pale ukurasa ulipoanzia. Ni kazi ya siku chache, na bila hiyo toleo jipya halinukuliki.

Tendi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zinadai zaidi. Katika miswada mingi ya zamani herufi moja ya «b» husimama kwa b, p, mb na mp. Kasra husomwa i au e, na dhumma u au o. Kwa hiyo kuhamishia kwenye herufi za Kirumi tayari ni kufasiri, na mhariri mkweli huweka tanbihi: nakala hii inasema hivi, ile inasema vile, nami nimechagua hivi kwa sababu ya vina au mizani. Vizuri zaidi picha ya mswada ikae ukurasa wa kushoto na usomaji wake kulia.

Karatasi isipuuzwe. Vitabu vingi vya tangu katikati ya karne ya 19 vinabomoka kama majani makavu kwa kuwa karatasi yake ina asidi. Kuvirudishia karatasi ya namna ile ile ni kuahirisha tu. Omba karatasi ya kudumu ya kiwango cha ISO 9706, ambayo huwekewa akiba ya kalsiamu kaboneti isiyopungua 2% ili kuila asidi. Nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo. Zikienda kinyume, kurasa hujikunja kwa unyevu wa pwani na gundi huachia. Kitabu cha kurasa 480 kwa karatasi ya gramu 80 kina unene wa kama milimita 24, nacho kikiwa kamusi kitafunguliwa mara elfu: kishonwe uzi kwa mafungu ya kurasa 16, yaani mafungu 30. Gundi peke yake haitatosha.

Kuhusu haki, Kenya na Tanzania hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi za Ulaya ni 70. Krapf yuko huru kila mahali. Lakini utangulizi mpya, tafsiri na tanbihi vina haki zake vyenyewe, hata kama matini ni ya kale, na huko ndiko wachapishaji wengi hunaswa: wanapiga picha toleo la baadaye lenye nyongeza hizo wakidhani wanapiga chapa ya kwanza.

Ukitaka kujua chapa uliyoshika ni ya aina gani, tafuta ukurasa mmoja tu, ule unaotaja nakala ipi ilitumika, ya mwaka gani, ya maktaba gani, na nini kimebadilishwa. Usipoukuta, chukua namba ya ukurasa kutoka makala yoyote ya zamani inayokitaja kitabu hicho, fungua hapo, uone kama nukuu ipo.