Rileya hana funguo zako

Pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, mtu humkabidhi konda bahasha iliyofungwa ipelekwe Iringa. Konda anaweza kuichelewesha, hata kuisahau Makambako, ila kubadili maandishi ya ndani bila kuichana hawezi. Ndivyo ninavyowaambia vijana wanaodhani rileya, yaani mpelekaji wa miamala kwenye blokcheni kama Ethereum, ameshika pesa za mwenye pochi janja, pochi iliyo mkataba, yaani programu inayokaa kwenye mtandao huo.

Hajashika. Mtumiaji hutia sahihi kwa ufunguo wake, na sahihi hiyo hufunga mpokeaji, kiasi, namba ya mfuatano na kitambulisho cha mtandao. Rileya akigusa tarakimu moja, pochi inakataa. Akirudia kutuma, namba ya mfuatano imeshatumika. Kilichobaki mikononi mwake ni kuubania muamala tu, kwa hiyo usitegemee mmoja.

Eti gesi, kipimo cha kazi ya mtandao inayolipiwa ada, ni bure? Muamala wa kawaida kabisa wa kutuma ether, sarafu ya Ethereum, hula gesi 21,000, na kuna anayelipa. Niliwahi kukesha nikikagua mkataba wangu wa majaribio, miamala imeganda, kumbe akaunti ya rileya imeishiwa! Kwenye ERC-4337, kanuni ya pochi janja iliyoanza kutumika Ethereum Machi 2023, hulipa pochi yenyewe au mkataba mfadhili, peimasta. Kazi ikifeli njiani, gesi iliyoliwa hairudi. Umepanda gari kwenda Tukuyu ukamkosa mwenyeji, nauli utamdai nani?

Wengine huona kila ombi la mwenye pochi kuwa muamala kamili. Bandla, rileya wa ERC-4337, hukusanya maombi ya watu mbalimbali, huyajaribu kwanza pembeni, kisha huyatuma kwa mkupuo kwenye mkataba wa EntryPoint, mlango wa kuingilia wa pochi hizo. Huyajaribu kwa kujilinda: ombi lenye sahihi mbovu likipenya, mkupuo wote hutenguliwa na hasara ni yake. Hashi, yaani alama ya utambulisho, unayopewa mwanzoni ni ya ombi, si ya muamala.

Kosa linalowauma wasanidi ni msg.sender, yaani anwani iliyouita mkataba moja kwa moja. Kijana wa Uyole aliandika mkataba wa kuhesabu magunia ya viazi. Siku ya majaribio magunia yote yakaangukia kwa mkulima mmoja, na mkulima huyo alikuwa rileya. Kanuni nyingine, ERC-2771, hutibu hilo: anwani ya mtumiaji, baiti 20, huambatishwa mwishoni mwa data, na mkataba huisoma pale tu inapoletwa na mkataba wa upelekaji unaouamini. Kwa pochi janja, msg.sender ni pochi yenyewe, na kila gunia hubaki na mwenyewe.