Tao la Mashariki ni nini?

Tao la Mashariki ni safu ya milima ya kale inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikapitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru pamoja na milima mingine iliyo jirani, hadi kuishia Udzungwa nchini Tanzania. Milima hiyo huhesabiwa pamoja kwa sababu ya miamba yake mikongwe na mvua inayoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Kilimanjaro, ingawa uko karibu na Upare, haumo, kwani ni mlima wa volkano na umri wake ni mdogo mno ukilinganishwa na hii.

Hata nyakati ambazo ukame ulienea sehemu kubwa ya Afrika, unyevu wa bahari uliendelea kuilisha misitu hii, huku nyanda kavu zikiizunguka na kuitenga kama visiwa. Viumbe waliobaki humo walizaliana peke yao kwa muda mrefu, na baadhi yao wakawa spishi zisizopatikana kwingine kokote duniani.

Udzungwa, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, ni mfano mzuri mno. Msitu wake hupanda bila kukatika kutoka mita 250 hivi hadi zaidi ya mita 2,000, jambo adimu Afrika Mashariki. Mangabei wa Sanje, aina ya nyani mdogo, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, na sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo anayefukua majani makavu kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu, alielezwa kitaalamu mwaka 2008. Kwale wa Udzungwa alitambuliwa mwaka 1991, baada ya watafiti kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo kambini.

Mgeni huizuru hifadhi hii kwa miguu, akiwa na mwongozaji, nami naona hakuna njia bora zaidi, maana sange husikika akikwaruza majani kabla hajaonekana. Njia inayopendwa ni ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha zaidi ya mita 170. Huko juu, mashamba ya miwa ya Kilombero huonekana yakitanda bondeni. Kilimo hicho kimewabana tembo waliozoea kuvuka bonde kuelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ndiyo maana ushoroba wao, yaani njia wanayopitia, unastahili kulindwa sawa na msitu wenyewe.