Mtoto wa mbwa mkubwa asiharakishwe kukua

Imetokea tena wiki hii. Mlezi wa muda kapokea mtoto wa mbwa aliyeokolewa, mbavu zinahesabika, nyayo kubwa kuliko umri wake, na kabla hajauliza neno ameshanunua kopo la unga wa kalsiamu na kuanza kumnyunyizia kwenye chakula. "Dokta, huyu ni wa mbegu kubwa. Mifupa yake si lazima iongezewe nguvu?" Si lazima, na ni hatari. Swali hili nimelijibu kwa sentensi moja mara nyingi mno na unga unaendelea kununuliwa, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mbwa aliyekomaa akipewa kalsiamu ya ziada, utumbo wake hupunguza kiasi unachofyonza, na inayobaki hutoka na kinyesi. Mtoto wa mbwa hajaweza hilo. Katika miezi yake ya mwanzo, mpaka karibu mwezi wa sita, hufyonza sehemu kubwa ya chochote kilichomo kwenye bakuli, ahitaji asihitaji. Kalsiamu ikizidi kwenye damu, mwili hujilinda kwa kuzuia mfupa usimeng'enywe, ilhali mfupa hauwezi kukua bila kumeng'enywa na kujengwa upya kila siku. Gegedu iliyo kwenye ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia, haigeuki mfupa kwa wakati wake. Inabaki nene na dhaifu, uzito unaielemea, inapasuka. Miguu inapinda, viungo vinauma, na huyo ndiye mbwa uliyetaka kumpa nguvu. Haya yalionekana wazi katika majaribio ya Uholanzi ya miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane waliolishwa kalsiamu kupita kiasi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Mtu anaona mkono wa mbele umelegea kwenye kifundo au umepinda, papo hapo anatangaza: amepungukiwa kalsiamu. Inawezekana. Mtoto wa mbwa aliyekuzwa kwa nyama tupu kweli anapungukiwa, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Mwili wake huichota kalsiamu kutoka mifupani, na mifupa huwa myembamba kiasi cha kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Lakini mguu huohuo uliopinda unaweza kutokana na kalsiamu iliyozidi, au na kukua kwa kasi, au na jeraha la zamani kwenye gegedu ya mfupa mmoja wa mkono huku mwenzake ukiendelea kurefuka. Kwa kuutazama mguu peke yake huwezi kutofautisha, na mimi pia siwezi bila eksirei na bila kujua alikuwa akila nini. Hata yule wa nyama tupu, tiba yake ya msingi ni chakula kamili cha watoto wa mbwa. Ukimpa chakula kamili na juu yake ukamwagia unga, umemtoa kwenye upungufu ukamtupa kwenye ziada.

Soma lebo, basi. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka chakula cha mtoto atakayefikia kilo 32 au zaidi akikomaa kisizidi asilimia 1.8 ya kalsiamu kwa uzito mkavu (maji yakiondolewa), ilhali cha mbegu ndogo huruhusiwa hadi 2.5. Mfuko unaofuata viwango hivyo utaeleza kama unafaa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa. Ukiwa na mfuko huo, usiongeze kalsiamu yoyote: si unga, si maganda ya mayai, si mifupa iliyosagwa.

Lingine ni unene. Huruma inatufanya tujaze bakuli, naielewa sana, maana mbwa aliyelala njaa hukutazama kwa namna inayouma. Lakini aliyekonda mno aanze na milo midogo, mara nyingi kwa siku. Mwili uliokaa bila chakula ukishibishwa ghafla, fosforasi na potasiamu hushuka kwenye damu, na anaweza kufa huku bakuli limejaa. Tumbo lililovimba juu ya mbavu zilizotokeza si shibe, mara nyingi ni minyoo. Apewe dawa, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12 hivi.

Akishapona, abaki mwembamba. Pitisha vidole ubavuni: kila ubavu uupate bila kubonyeza, lakini usiuone ukiwa upande wa pili wa chumba. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane. Kuna utafiti uliochapishwa 2002 wa Labrador 48 waliofuatwa maisha yao yote, nusu wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Nusu ya waliopunguziwa walifika miaka 13, nusu ya wenzao 11.2, na nyonga za waliopunguziwa ziliharibika kidogo na kwa kuchelewa. Kula kidogo hakumfanyi awe mfupi akikomaa. Anafika kimo chake, ila polepole.

Chanjo nitaipitia haraka. Ya parvo, virusi vya kuharisha vinavyoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki mbili hadi nne, na dozi ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16, kwa sababu kinga aliyoachiwa na mama yake inaweza kuizima ya mapema. Usimfungie ndani kwa muda wote huo. Mbebe aone watu, magari na kelele, maana dirisha la kuzoea dunia huanza kufungwa karibu na wiki ya 14.

Kuhusu mazoezi, ile kanuni ya kumtembeza dakika tano tu kwa kila mwezi wa umri wake sijui ushahidi wake uko wapi. Ninachokitegemea ni utafiti wa Norwe: watoto wa mbegu kubwa waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ugonjwa wa nyonga, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini walipata pungufu. Ziba ngazi, tandika mikeka juu ya vigae, mwache acheze na alale atakapo.

Ninachosita nacho ni kuhasi. Kwa kazi ya uokoaji nataka kila mbwa awe amehasiwa kabla hajahamia kwao, kwa kuwa naona watoto wanaotupwa. Lakini kwa baadhi ya mbegu kubwa, kuhasi kabla ya mwaka mmoja kumehusishwa na magonjwa zaidi ya viungo, na kwa chotara hatujui hata mbegu yenyewe. Naamua mbwa kwa mbwa, na mara nyingine siwi na utulivu na nilichoamua.

Akianza kuchechemea, usisubiri. Kuchechemea kunakohama mguu hadi mguu kati ya miezi mitano na 18 mara nyingi hupita chenyewe, lakini hilo aseme daktari baada ya kumpima. Vifundo vya mikono vikivimba, vikawa vya moto, na ana homa na hataki kula, mpeleke siku hiyohiyo.