Kuirekebisha bagi ya rimoti kwa udongo wa kichanga wa Dodoma

Watu wengi wanaonunua bagi (gari dogo) ya mashindano ya kuendeshwa kwa rimoti huanza kwa kutafuta karatasi ya vipimo ya dereva bingwa wa Marekani au Ulaya, kisha huiga kila namba iliyomo: oili ya shokapu, springi, mwinamo wa matairi, hata unene wa washa chini ya kila kiungo. Kwa mtu anayekimbiza gari lake Dodoma, njia hiyo hupoteza muda na fedha. Karatasi nyingi za aina hiyo huandikwa kwa ajili ya viwanja vya zulia, vya nyasi bandia au vya udongo wa mfinyanzi unaomwagiliwa maji mara kwa mara ili ushike tairi vizuri. Huku kwetu mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki udongo wetu mwekundu wa kichanga hukauka ukawa mgumu kwa chini na tifutifu kwa juu, na upepo wa kiangazi huzidi kuikoroga ile tabaka ya juu. Ukishuka mabondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa masika. Maji nayo ni mali mjini hapa, kwa hiyo sioni busara ya kuyamwaga uwanjani kati ya mbio moja na nyingine.

Msimamo wangu ni kwamba ardhi ndiyo inayopanga vipimo, na mahali sahihi pa kuanzia ni vipimo vya kawaida vilivyomo kwenye kitabu cha mtengenezaji, ambavyo baadaye unavilegeza hatua kwa hatua mpaka gari likubaliane na kichanga. Nitakayoeleza yanahusu bagi ya umeme ya kipimo cha 1:10 (moja ya kumi ya gari halisi) inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha waziwazi kila kosa la marekebisho.

Uamuzi wa kwanza hufanyika hata kabla ya kununua: mota ikae wapi. Bagi nyingi za kisasa huweka mota mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu viwanja vya mashindano makubwa siku hizi vina mshiko mkubwa na gari linahitaji kugeuka upesi. Zipo pia zinazoruhusu mota kuwekwa nyuma ya ekseli, kama ilivyokuwa kawaida tangu RC10, bagi ya kampuni ya Team Associated, ilipotoka mwaka 1984. Kwa uwanja wetu ninapendekeza mota ya nyuma bila kusita. Uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli hukandamiza matairi yanayosukuma, nayo hupata nafasi ya kuuma ardhi ngumu iliyo chini ya vumbi badala ya kuzunguka bure juu yake. Gari litageuka taratibu kidogo katikati ya kona, lakini litatoka kwenye kona likiwa limenyooka, na katika kichanga ushindi mwingi hupatikana pale pa kutokea.

Kabla ya kugusa kipimo chochote, hakikisha kila kitu kinacheza kwa uhuru. Ondoa shokapu zote nne, inua kila mkono wa magurudumu (kipande kinachounganisha gurudumu na chasisi) kwa kidole, kisha uachie: ni lazima ushuke kwa uzito wake wenyewe mpaka mwisho. Ukikwama hata kidogo, pini yake imepinda, au tundu lake limejaa vumbi, au kiungo cha gololi kimebana. Vumbi la Dodoma ni laini kiasi cha kupenya hata pale ambapo jicho halioni nafasi, na mkono unaokwama hufuta kazi yote utakayoifanya kwenye shokapu. Zungusha kila gurudumu pia usikilize beringi. Inayokwaruza isafishwe au ibadilishwe siku hiyohiyo.

Matairi

Kama ningeruhusiwa kutumia fedha kwenye kitu kimoja tu, ningenunua matairi. Hakuna shokapu wala difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) inayoweza kufidia tairi lisilofaa kwa ardhi husika, na nimeona vijana wakibadilisha springi siku nzima ilhali meno ya matairi yao yamekwisha. Tazama kwanza unene wa vumbi lililo juu. Likiwa jembamba, kiasi kwamba ukifuta kwa kiganja unagusa udongo mgumu mara moja, tafuta tairi lenye meno madogo yaliyopangwa kwa wingi, yanayopenya vumbi na kushika pale chini. Vumbi likiwa zito, kama inavyokuwa Agosti na Septemba, meno hayo hujaa na tairi huwa laini kama kaptula ya hariri. Hapo unahitaji meno marefu yaliyoachana, yenye nafasi ya kutema mchanga kila gurudumu linapozunguka.

Ulaini wa mpira nao una bei yake. Mpira laini sana hushika vizuri, lakini kichanga chetu kina chembe kali za mawe ya graniti yaliyosagika, nazo hula mpira huo haraka. Mimi hutumia mpira wa ulaini wa kati kwa mazoezi na kuutunza ule laini kwa ajili ya mashindano. Sponji iliyo ndani ya tairi isipuuzwe: ikilegea, tairi hujikunja kwenye kona na gari huyumba bila sababu inayoonekana. Unapogundisha tairi kwenye rimu, safisha kwanza kingo zote mbili kwa spiriti, ziache zikauke, kisha tia gundi ya papo hapo kidogo kidogo ukizunguka pande zote. Mafuta ya vidole yanatosha kuifanya gundi iachie katikati ya mbio.

Kimo cha gari

Pima kimo gari likiwa kamili, yaani betri ikiwa ndani, bodi ikiwa juu na matairi ya mashindano yakiwa yamefungwa. Liinue kiasi cha shubiri moja juu ya meza iliyo sawa, liangushe, kisha pima nafasi iliyo chini ya chasisi mbele na nyuma. Kwenye zulia madereva hushuka mpaka milimita 16 au chini zaidi. Kwenye udongo wetu wenye mawimbi na vichuguu ninaanza na milimita 23 nyuma na 22 mbele. Gari lililo juu huruhusu uzito kuhama zaidi kutoka gurudumu moja kwenda jingine, na kuhama huko ndiko kunakolilazimisha tairi kushika pale ambapo ardhi yenyewe haina mshiko. Ukipita kiasi, litaanza kubiringika kwenye kona za mwendo mkali, hasa pale penye alama za matairi zilizochimbika.

Shokapu

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu shokapu huamua kama tairi linakaa chini au linarukaruka. Ndani yake kuna pistoni yenye matundu madogo inayotembea katika oili ya silikoni. Springi hubeba gari, na oili inayopita kwenye matundu huzuia springi isirudi kwa fujo. Kwa bagi ya 1:10 ninaanza na oili namba 30 mbele na 27.5 nyuma, pamoja na springi laini kwa daraja moja kuliko zile zilizokuja na gari. Kumbuka kwamba namba hizo hazifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kipimo kinachoaminika ni cSt (sentistoki, kipimo cha uzito wa oili), ambacho watengenezaji wengi huandika kwenye chupa, na ni vyema kushikamana na chupa za kampuni moja ili tofauti unayoisikia iwe ya kweli.

Joto hubadilisha oili kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi ya Julai hapa mjini huweza kuwa nyuzi 14 hivi, na mchana wa Oktoba au Novemba hupita nyuzi 30. Oili ileile iliyokuwa sawa asubuhi ya baridi huwa nyepesi mchana, na gari huanza kugonga chasisi kila linapotua. Ndiyo maana msimu wa joto ninapanda kwa nusu daraja au daraja moja. Wapo wanaotumia oili ya foko (shokapu za mbele) za pikipiki kwa kuwa inapatikana kila duka la vipuri vya bodaboda. Siwashauri hivyo: ni mafuta ya aina nyingine, wepesi wake hubadilika zaidi kwa joto, na yanaweza kuvimbisha oringi (pete za mpira zinazozuia oili isivuje) ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Matundu ya pistoni yana tabia ambayo haionekani ukilisukuma gari kwa mkono juu ya meza. Mkono wa gurudumu unapopanda au kushuka polepole, oili hupita kwa utulivu. Gari linapotua kutoka kwenye mruko, pistoni huenda kwa kasi kubwa, oili huvurugika kwenye matundu na shokapu hukaza ghafla. Matundu madogo hukaza mapema, jambo linalosaidia mahali penye miruko mikubwa na ardhi isiyo na mashimo. Matundu makubwa huchelewa kukaza na kuliacha tairi lifuate mashimo madogo ya mfululizo. Uwanja wetu una mashimo mengi kuliko miruko, hivyo ninachagua matundu makubwa kidogo na oili nzito kidogo, nami nakubali kwamba gari litagusa chini kwenye mruko mmoja au miwili.

Unapojaza oili, simamisha shokapu wima, jaza mpaka juu, sogeza pistoni polepole juu na chini, kisha iache mpaka mapovu yote yatoke. Usifunge kifuniko kwa haraka. Baada ya kufunga, linganisha shokapu za kulia na kushoto: urefu wake ukiwa umezivuta mpaka mwisho uwe sawa, ikibidi kwa kupima na venia (kipimio cha milimita), na zirudi kwa mwendo mmoja unapozibonyeza pamoja. Jozi isiyolingana hulifanya gari ligeuke vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, na dereva huishia kulaumu stelingi.

Pembe za magurudumu hazihitaji maneno mengi. Yainamishe ndani kwa juu nyuzi 1 mbele na nyuzi 1 hadi 2 nyuma. Matairi ya nyuma yatazame ndani nyuzi 3. Mkia ukiendelea kuteleza pembeni unapoongeza mwendo, nenda 3.5. Yale ya mbele yaache yakiwa yamenyooka au yakitazama nje kidogo sana. Mwinuko wa pini za mikono ya nyuma, unaozuia nyuma isididimie gari linapoondoka, upunguze kwenye ardhi yenye mashimo, kwa sababu ukiwa mkubwa nyuma huanza kudundadunda.

Difu, klachi na mota

Difu ya gia iliyojazwa oili ya silikoni ya cSt 3000 hadi 5000 inafaa nyuma. Ya gololi huhitaji kufunguliwa na kusafishwa mara nyingi mno kwa vumbi hili. Klachi, inayoteleza ili kupunguza nguvu ya ghafla kutoka kwa mota, ilegezwe kiasi kwamba ukiondoa gari kwa nguvu isikike ikiteleza kwa nusu mita hivi. Ikikazwa kabisa, nguvu yote huishia kuchimba mchanga.

Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 hadi 12 kuliko ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi haipozi mota vizuri. Baada ya dakika 4 au 5 za mbio kali, pima joto la ganda la mota. Likizidi nyuzi 75, weka pinioni (gia ndogo ya mota) yenye jino moja au mawili pungufu, kwa maana sumaku zilizo ndani hudhoofika kwa joto na hazirudi zilivyokuwa. Betri ya lithiamu ya seli mbili, yenye volti 7.4, isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, isishuke chini ya volti 3.2 kwa seli, na ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 kwa seli.

Siku yenyewe ya mbio

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kimbiza mizunguko michache kwa mstari uleule, na mtu mwingine ashike saa ya simu. Hisia ya dereva hudanganywa na gari lenye vurugu, ambalo huonekana la kasi kumbe linapoteza muda kwenye kila kona. Andika namba kwenye daftari pamoja na saa na hali ya udongo, kwa kuwa ardhi ya saa 2 asubuhi, yenye unyevu kidogo wa usiku, si ile ya saa 8 mchana.

Vumbi linapoongezeka mchana, mpangilio wangu wa kubadilisha ni huu: kwanza matairi yenye meno marefu, kisha milimita moja zaidi ya kimo cha nyuma, kisha springi laini zaidi za nyuma. Oili siigusi mpaka hayo matatu yashindwe, kwa sababu kufungua shokapu uwanjani, upepo ukipuliza, ni kukaribisha mchanga ndani ya silinda.