Seneta wa jimbo: jimbo lipi, na seneta yupi?

Juzi nilikuwa kwenye kahawa, mazungumzo yakatoka kwenye bei ya sukari yakafika Marekani, kama kawaida yake. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyekwishafunga hoja: "Obama kabla ya kuwa rais alikuwa mbunge wa jimbo tu, kama huyu wetu." Kijana aliyekuwa pembeni akamrekebisha: "Hapana mzee, alikuwa seneta miaka kumi na miwili." Wote wawili walikuwa karibu na ukweli, na wote wawili walikuwa wamekosea. Sikumkatiza mzee, wala kijana sikumwambia kitu. Ila hii si mara ya kwanza, na magazeti nayo yanaandika hivyohivyo, kwa hiyo leo nimeona niandike.

Maana ya mbunge wa jimbo wa Marekani kwanza, tumalizane nayo. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Aliyechaguliwa kuingia katika bunge hilo ndiye mbunge wa bunge la jimbo. Majimbo 49 yana mabunge yenye mabaraza mawili, la juu likiitwa Seneti. Nebraska peke yake, tangu 1937, ina baraza moja, na wajumbe wake wote 49 wanaitwa maseneta. Bunge la jimbo halitungi sheria za nchi nzima. Linatunga za jimbo lake: makosa ya jinai yaliyo mengi, ndoa na talaka, shule, leseni za udereva, kodi za jimbo. Hiyo ndiyo maana, na wala si ngumu.

Kinachotukwamisha ni neno jimbo.

Neno hili tumelitwisha mizigo mingi. Enzi za Mwingereza, Tanganyika iligawanywa majimbo, wazee wakisema Jimbo la Ziwa au Jimbo la Kusini, maeneo ambayo baada ya uhuru yalikatwakatwa yakawa mikoa. Kanisa Katoliki nalo lina majimbo yake, kila moja na askofu wake. Congo ina majimbo 26, kila moja na bunge lake, na huko ukisema mbunge wa jimbo watu wanakuelewa barabara, maana wanao wabunge wa aina hiyo hasa. Kenya ndiko neno limebeba uzito wa pekee: katiba ya uhuru ya 1963 iligawa nchi katika sehemu saba zenye mabaraza yake, mfumo ukaitwa Majimbo, ukabomolewa kabla haujakauka, na mpaka leo Mkenya wa umri fulani akilisikia neno hilo haliachi lipite hivihivi.

Sasa sisi wa Tanzania tumefanya letu. Tulianza na "jimbo la uchaguzi", tukakata mkia, likabaki jimbo. Mbunge anasema anakwenda jimboni, yaani kwa wapiga kura wake. Na tunaposema "mbunge wa jimbo" tunamtofautisha na mbunge wa viti maalumu. Maana yake ni yule aliyesimama kwenye kampeni, akapigiwa kura na watu wa eneo fulani, akapelekwa Dodoma. Kwa hiyo mzee wangu wa kahawa alipotamka "mbunge wa jimbo" alikuwa akimwona mtu aliyetumwa na jimbo kwenda kwenye bunge la taifa. Lakini yule wa Marekani hakutumwa na jimbo kwenda kokote. Alitumwa na kipande cha jimbo kwenda kwenye bunge la jimbo lenyewe. Kule jimbo ndilo lenye bunge. Huku jimbo ndilo linalotuma mbunge. Hicho kijineno "wa" kinabeba maana mbili, na sisi tunasoma ile tuliyoizoea.

Na balaa halijaisha, kwa sababu kuna seneta.

Asili ya neno hilo inapendeza. Kilatini cha Roma kilikuwa na senex, mzee, na kutoka hapo senatus, baraza la wazee. Lilifika kwetu kupitia Kiingereza, ila wazo lenyewe halikuwa geni: baraza la wazee tulikuwa nalo kabla ya meli yoyote kutia nanga. Kenya ilikuwa na Seneti ya kwanza tangu 1963, ikafutwa 1966 kwa kuunganishwa na baraza la chini, kisha katiba ya 2010 ikairudisha, safari hii ikiwa na maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wale wa kuteuliwa na vyama. Ndiyo maana Mkenya akisikia seneta anamwona mtu mkubwa anayesemea kaunti nzima katika Bunge la taifa. Kwake yeye hakuna seneta wa chini. Marekani wapo, tena wengi.

Angalia Illinois. Jimbo hilo lina maseneta wawili katika Seneti ya Marekani, Washington. Hao kila mmoja anawakilisha Illinois yote, watu zaidi ya milioni 12. Lakini lina pia Seneti yake yenyewe, inayokaa Springfield, makao makuu ya jimbo, yenye viti 59. Hao 59 kila mmoja anatoka kwenye kipande kimoja. Kwa sensa ya 1990, kipande kilikuwa na watu kama 194,000. Chini yao kuna baraza la wawakilishi lenye viti 118, viwili ndani ya kila kipande cha seneta. Sasa ukiandika "seneta wa jimbo la Illinois", umemtaja yupi? Wa wawili au wa 59? Ajabu ni kwamba anayewakilisha jimbo zima ndiye ambaye hatumwiti seneta wa jimbo, na yule anayewakilisha mitaa kadhaa ndiye tunayempa jina hilo.

Obama ametuletea utata huu kwa sababu alikuwa vyote viwili, kwa zamu.

Kiti chake cha kwanza kilikuwa cha eneo la 13 la Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago, Hyde Park ikiwa ndani yake. Namna alivyokipata wasomaji wa huku wataielewa haraka. Aliyekuwa akikikalia, Alice Palmer, alitaka kupanda kwenda Kongresi, yaani bunge la taifa la Marekani. Aliposhindwa na Jesse Jackson Jr. mwishoni mwa 1995, akageuka kukitaka tena kile kiti cha zamani. Obama hakupisha. Upande wake ukaweka pingamizi juu ya fomu za wadhamini: mgombea alihitaji saini halali 757, na saini zilipoanza kukaguliwa moja moja, Palmer akajitoa na wengine wakaenguliwa. Machi 1996, katika kura za maoni za chama cha Democrat, Obama akapita bila kupingwa. Eneo lenyewe lilikuwa ngome ya chama hicho, kwa hiyo Novemba ilikuwa kukamilisha tu. Januari 1997 akaapishwa Springfield. Anayedhani wanasheria na pingamizi za fomu ni mambo ya kwetu peke yetu, atulie.

Halafu akagombea tena 1998, akamshinda Yesse Yehudah wa Republican kwa kishindo. Hapa watu huuliza: mbona miaka miwili tu? Na tena mbona baada ya hapo mpaka 2002? Je, seneta wa jimbo ana kipindi cha miaka miwili au minne? Jibu ni vyote viwili. Illinois inachora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi baada ya kila sensa, yaani kila miaka kumi, na maseneta wake wamegawanywa makundi matatu. Kundi moja linakwenda miaka miwili, minne, minne. Jingine minne, miwili, minne. La tatu minne, minne, miwili. Jumla kumi. Eneo la 13 miaka hiyo lilikuwa kwenye lile la kati: 1992 minne, 1996 miwili, 1998 minne, kisha 2002 mipaka mipya. Ni hesabu tu, lakini bila hesabu hii historia yake ya uchaguzi inaonekana kama ya mtu aliyekuwa akigombea ovyo.

Na hesabu hiyo ilimwokoa. Mwaka 2000 alijaribu kuingia Kongresi, akamkabili Bobby Rush aliyekuwa mle tangu 1993, katika kura za maoni za chama chao. Alipigwa vibaya, takriban asilimia 61 kwa 30. Kwingine mtu aliyeangushwa hivyo angerudi nyumbani mikono mitupu. Obama alirudi Springfield, kwa sababu kiti alichopewa 1998 kilikuwa na uhai mpaka uchaguzi wa 2002. Palmer hakuwa na bahati hiyo: aliposhindwa mwishoni mwa 1995, kiti chake cha Springfield kilikuwa kinagombewa upya mwaka uliofuata.

Mwaka 2002 hakuwa na mpinzani. Chama chake kikapata wingi katika Seneti ya Illinois, Emil Jones akawa rais wa baraza hilo, na Obama, aliyekaa miaka yote hiyo upande wa wachache, ghafla akawa na miswada inayopita. Mmoja wao ni wa 2003, uliolazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge. Hapo ndipo utaona kwa nini nasema usimdharau mbunge wa bunge la jimbo. Polisi wa Chicago na kesi za mauaji za Illinois ni mambo ya sheria za Springfield kuliko za Washington. Wakati huohuo kazi yenyewe haikumzuia kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago. Jaribu kumwambia mbunge wetu akafundishe.

Cha 2004 kinajulikana: kura za maoni za Machi alipata asilimia 53 katikati ya wagombea saba, Julai akahutubia mkutano mkuu wa chama Boston, Novemba akamshinda Alan Keyes kwa asilimia 70. Akajiuzulu Seneti ya Illinois mwezi uleule, na nafasi iliyobaki haikuitishiwa uchaguzi mdogo. Chama kilimteua Kwame Raoul, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa jimbo hilo. Obama akaingia Seneti ya Marekani Januari 2005, akatoka Novemba 2008 akiwa rais mteule.

Kwa hiyo ile miaka kumi na miwili ya kijana wa kahawani ni karibu minane ya Springfield, akaongeza isiyotimia minne ya Washington. Ni sawa na kujumlisha miaka ya udiwani na ya ubunge, halafu ukatangaza kwamba fulani amekuwa bungeni tangu enzi hizo.

Zamani, kusema kweli, seneti hizi mbili zilikuwa zimefungana kamba. Mpaka yalipopita mabadiliko ya katiba ya 1913, maseneta wa Marekani hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabunge ya majimbo. Abraham Lincoln, ambaye mwenyewe alikaa vipindi vinne katika baraza la wawakilishi la Illinois kuanzia 1834, aliukosa useneta wa Marekani kwa njia hiyo: mapema 1859 bunge la Illinois lilimpa Stephen Douglas kura 54, yeye 46. Wakongomani hawatashangaa, maana kwao mpaka leo wabunge wa majimbo ndio wanaowachagua maseneta.

Watu ambao hawahitaji somo hili hata kidogo ni Wazanzibari. Jimbo lilelile la uchaguzi, siku ileile, linatoa watu wawili: mbunge anakwenda Dodoma, mwakilishi anakwenda Baraza la Wawakilishi kwao Zanzibar. Hujamsikia Mzanzibari anamwita mwakilishi mbunge. Ukitaka kumweleza mzee wangu kwa mfano mmoja, chukua huo, ingawa nao una mwiba: "Baraza la Wawakilishi" ndilo jina tunaloliita pia baraza la chini la Kongresi ya Marekani, na mabaraza ya chini ya majimbo mengi. Usinilaumu mimi.

Novemba 2024 Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia baraza la wawakilishi la Minnesota, na habari zikaenea kwamba Mkenya amekuwa mbunge wa Marekani. Furaha ilikuwa halali. Lakini kiti chake kiko St. Paul, na sheria anazopigia kura ni za Minnesota.

Nikimkuta mzee tena nitamwamkia kwanza, nimnunulie kikombe, kisha nimwambie taratibu: Obama alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Illinois, upande wa Seneti, akitokea eneo la 13, Chicago; baadaye ndipo akawa seneta wa Marekani kutoka Illinois. Kile kipande kilichompigia kura tukiite eneo la uchaguzi, jimbo tuliachie Illinois. Na yeye badala ya "mbunge wa jimbo" aseme "mbunge wa bunge la jimbo". Yameongezeka maneno mawili tu.