Kesi ya kujibu ni nini?

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, hapa Tanga, gazeti likiandika kwamba fulani "ana kesi ya kujibu", hukumu hupitishwa hapo hapo kikombe kikiwa bado cha moto. Keshakwisha huyo. Wengine huanza na kumhesabia miaka. Kumbe siku hiyo mahakama haijasema kwamba mtu huyo ametenda kosa, wala yeye mwenyewe haijamsikia. Imesikiliza upande mmoja, ikajiuliza swali moja tu: kwa haya yaliyokwisha kuletwa, kuna sababu ya kumwambia asimame ajitetee?

Swali hilo huja katikati ya kesi ya jinai. Mshtakiwa akikana shtaka, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayotangulia kuita mashahidi. Kila shahidi huongozwa na wakili wa Serikali, kisha upande wa utetezi humpiga maswali ya dodoso, kisha wakili wa Serikali humrudia kidogo kusawazisha palipopinda. Vielelezo hupokelewa na kupewa namba. Wakili wa Serikali akishasema wamefunga ushahidi wao, hakimu au jaji hutoa uamuzi mdogo. Ushahidi usipomfikia mshtakiwa, anaachiwa huru bila kulazimika kujitetea. Ukimfikia, anaambiwa ana kesi ya kujibu na zamu inakuwa yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvuvi wa Sahare anashuka pwani alfajiri na kukuta injini ya boti yake imeng'olewa. Kijana mmoja anakamatwa na kushtakiwa kwa wizi. Shahidi wa kwanza, mwenye boti, anaeleza injini aliinunua lini na kwamba alfajiri hiyo hakuikuta. Wa pili, jirani, anasema jioni yake alimwona kijana akizungukazunguka ufukweni. Wa tatu ni askari, naye anasema alimkamata kwa kuwa raia wema walimtaja. Jamhuri inafunga. Sasa hesabu kilichothibitika: injini imeibwa, na kijana alikuwa ufukweni jioni. Sahare jioni nani hayuko ufukweni? Raia wema wenyewe hawakuletwa kizimbani. Hapo hakuna kesi ya kujibu, hata mtaa mzima ukiapa kwamba ndiye.

Ongeza jambo moja. Kesho yake askari wanaikuta injini uvunguni mwa kitanda cha kijana huyo, wanajaza hati ya kukamata mali mbele ya shahidi huru, na mwenye boti anaitambua kwa namba iliyogongwa kwenye chuma, namba ile ile iliyo kwenye risiti yake. Mambo yamegeuka. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, na mali hiyo ikatambuliwa bila utata, sheria inamtaka aeleze imemfikiaje. Kijana sasa ana kesi ya kujibu. Na bado anaweza kuwa hana hatia, maana huenda ndugu yake alimwachia amtunzie bila kumwambia ilikotoka. Ila hilo halitasemwa na shahidi yeyote wa Jamhuri. Litatoka kwake.

Kipimo kinachotumika Tanzania mpaka leo kilielezwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1957, katika shauri la Bhatt. Kwa ufupi: kesi ya kujibu ipo pale ambapo mahakama makini, ikiufuata ushahidi na sheria kama inavyopaswa, ingeweza kumtia mshtakiwa hatiani iwapo asingesema lolote. Mahakama hiyo ikaongeza kwamba chembe ya ushahidi haitoshi, wala lundo la ushahidi uliokwisha kuvunjwa kwenye dodoso.

Ikasema na jambo la tatu, ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote: mshtakiwa asiitwe kujitetea kwa matumaini kwamba maneno yake yataziba matundu ya Jamhuri. Hatari hiyo ni ya kweli kabisa. Mchukue yule kijana wa mfano wa kwanza, ambaye hakukutwa na kitu. Mpandishe kizimbani bila wakili, mbele ya mtu anayeuliza maswali kila siku kwa kazi. Ataulizwa jioni ile alikuwa na nani. Atataja jina, kisha atalibadilisha. Ataulizwa kwa nini alikwenda ufukweni na si kwingine, atababaika. Baada ya nusu saa Jamhuri itakuwa imeokota kwenye kinywa chake kile ilichoshindwa kukipata kwa mashahidi watatu. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na kumlazimisha azibe pengo la anayemtuhumu ni namna mojawapo ya kumtendea hivyo.

Uamuzi wa kwamba kesi ya kujibu ipo kwa kawaida huwa mfupi, na una sababu ya kuwa mfupi. Hakimu akianza kuchambua kwa kina nani kasema kweli, atakuwa ameandika nusu ya hukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Kinachofuata ni kumweleza mshtakiwa haki zake: anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo au bila kiapo, na anaweza kuita mashahidi. Anaweza pia kukaa kimya, ila Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuutafsiri ukimya huo dhidi yake. Watu wengi hawalijui hilo. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha hauhami. Kuitwa kujibu ni kipimo cha chini, na kutiwa hatiani kunahitaji ushahidi usioacha shaka ya maana. Kati ya vipimo hivyo viwili pana nafasi kubwa, na walioambiwa wana kesi ya kujibu kisha wakashinda ni wengi.

Kwenye hadithi mambo huenda vingine. Mtunzi anahitaji utetezi, kwa hiyo ni nadra kukuta kesi ya riwaya ikifia katikati. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, katika Kusadikika ya mwaka 1951 ameujenga karibu mwili mzima wa kitabu juu ya utetezi wa mtu mmoja. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kufundisha uanasheria, naye anapewa siku sita za kujibu. Anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Ukimpima Karama kwa kipimo cha 1957, kesi ya kujibu anayo bila ubishi, kwani alichoshtakiwa nacho hakikani. Lakini jibu lake linapita shtaka lenyewe, na siku zinavyokwenda anayehojiwa ni utawala uliomshtaki.

Kuna jambo jingine ambalo barazani huchanganywa na hili. Kuambiwa huna kesi ya kujibu si sawa na kufutiwa shtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, na mshtakiwa akaachiwa, lakini kuachiwa huko peke yake hakumzuii kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Ndiyo maana imewahi kuonekana mtu akitoka mahakamani saa nne asubuhi, ndugu wakimkumbatia, na kabla hajafika barabarani yuko tena mikononi mwa polisi. Aliyeonekana hana kesi ya kujibu hashtakiwi upya namna hiyo. Kesi yake imeamuliwa, na Jamhuri isiporidhika njia iliyobaki ni kukata rufaa.