Bure, lakini nani anamlipa konda?

Buguruni, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Konda amesimama mlangoni, mkono mmoja kashika bomba la juu, mwingine kauweka kama kizuizi. "Madenti wawili tu! Wawili!" Watoto wenye sare wanarudi nyuma wakiwa wameshazoea. Nyuma yao yuko bibi mwenye mkongojo. Hakuna aliyemkataza kupanda. Gari liliondoka tu, kwa sababu kumsubiri apandishe mguu wa kwanza na wa pili kungechukua nusu dakika, na nyuma kulikuwa na gari jingine linalosukuma. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu la kuhesabu abiria. Ndiyo kazi yangu: nauli, ruti, nani anapanda na nani anaachwa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa na wazee na watu wenye ulemavu wanaodai usafiri wa umma wa bure. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ndiyo maana nataka dai lao liandikwe vizuri, maana likiandikwa vibaya litampa yule bibi kadi nzuri ya plastiki na kumwacha palepale kituoni.

Tuanze na wale watoto. Nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 ziliweka shilingi 600 kwa daladala la njia fupi, isiyozidi kilomita 10. Mwanafunzi analipa 200. Ni jambo jema kabisa. Lakini jiulize: zile 400 zinazobaki anazilipa nani? Serikali hailipi, wala tajiri mwenye gari. Anayezilipa ni dereva na konda wake, kwa sababu wengi wao hawana mshahara wa kueleweka. Asubuhi wanachukua gari, jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, kiasi kilekile kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni yao. Faini ya trafiki ni yao. Kinachobaki baada ya hapo ndicho ugali wa nyumbani. Kila mwanafunzi anayekaa kwenye kiti anapunguza kinachobaki, na konda anaijua hesabu hiyo kuliko mchumi yeyote. Tumemwambia mtu maskini amsaidie maskini mwenzake, kisha tunamwita mkatili anapozuia mlango.

Sasa weka juu ya hapo mzee asiyelipa kabisa. Halafu mtu mwenye kiti cha magurudumu, anayehitaji kuinuliwa na watu wawili huku kiti chake kikikunjwa na kupewa nafasi. Sheria itasema bure. Gari litapita kana kwamba halijamwona.

Kwa hiyo fedha ya fidia ndiyo moyo wa dai lote. England walilitatua hili kwa sheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2008, mzee aliyefikia umri na mtu mwenye ulemavu unaotambuliwa anapanda basi la kawaida bure popote nchini humo, na halmashauri inamlipa mwenye basi. Kanuni ya malipo ni kwamba mwenye basi asipate hasara wala asipate faida kwa sababu ya mpango huo. Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulikosa: halmashauri hailipi nauli kamili kwa kila safari. Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya safari hizo zisingefanyika kama abiria angetakiwa kulipa. Bibi anayetoka mara nne kwa wiki akiwa na kadi, pengine angetoka mara mbili akiwa analipa. Zile mbili za nyongeza hazikumnyima mwenye basi chochote, ila gharama ndogo ya kumbeba mtu mmoja zaidi. Wataalamu hukadiria sehemu hiyo na kuikata kwenye malipo, na kila mwaka wanabishana juu yake na kampuni za mabasi. Nimesoma mabishano hayo kwa miaka mingi na bado yananivutia.

Lakini hesabu ya England haibebeki hivihivi kuja Dar es Salaam. Basi la kule linaondoka kwa ratiba, limejaa au halijajaa. Saa tano asubuhi lina viti vitupu, na kumpa mzee kiti kitupu ni karibu sawa na kutokupoteza kitu. Daladala letu husubiri lijae. Kiti kitupu kwetu ni gari ambalo halijaondoka. Kwa hiyo kila kiti cha bure kwenye daladala kina mtu wa kulipa ambaye angekikalia, na fidia yake lazima iwe karibu na nauli kamili. Ni ghali zaidi, na ni afadhali tuiseme gharama hiyo mapema kuliko kuja kuisemea barazani baada ya mpango kufa.

Ndiyo maana nasema tuanze na mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia na vituo vyao wenyewe. Pale abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda. Dereva hajui nani kalipa na nani hajalipa, wala mfukoni mwake hakibadiliki kitu. Vituo vimeinuliwa vikalingana na sakafu ya basi, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa kama gunia, iwapo atapata nafasi katika kugombania mlango. Na huduma yote inasimamiwa na wakala mmoja wa serikali, kwa hiyo fidia ina mahali pa kupelekwa. Daladala zifuate baadaye, kwa mikataba, na malipo yamfikie anayepeleka gari barabarani, yasiishie kwa tajiri peke yake.

Lipo neno moja ambalo nimewaomba wenzangu walifute kwenye rasimu: wastaafu. Mstaafu ni mtu aliyeajiriwa akachangia mfuko. Mama aliyeuza vitumbua miaka arobaini, mvuvi, mkulima, fundi cherehani, hao hawakustaafu popote, wamezeeka tu. Tukidai kwa ajili ya wastaafu tutakuwa tumewapa nafuu wale ambao angalau wana kitu mwisho wa mwezi, na kuwaruka wasio na kitu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kwa umri, miaka 60, na dai letu lisimame hapohapo. Zanzibar walionyesha kwamba inawezekana: tangu Aprili 2016 wanalipa pensheni kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70 bila kumuuliza aliwahi kuajiriwa wapi.

Tayari tuna matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo, na yale matangazo ya kumpisha mzee ahudumiwe kwanza. Chukua mzee mwenye kisukari anayekwenda kliniki kwa mabasi mawili, yote ya njia fupi. Kwenda na kurudi ni shilingi 2,400. Kama macho yamepungua nguvu na lazima aongozane na mjukuu mtu mzima, ni 4,800. Dirishani atahudumiwa bure, lakini kwanza afike dirishani. Na kwa sababu kliniki namba hugawiwa asubuhi, mimi sikubaliani na wanaotaka tuige masharti ya England, ambako siku za kazi kadi inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi. Sharti hilo kwetu litamfikisha mzee hospitali wakati foleni imeshajaa.

Na yule mjukuu je? Ireland, ambako safari za bure kwa wazee zilianza 1967, kuna kadi inayomruhusu mtu asiyeweza kusafiri peke yake kuwa na mwenzake bure. Bila kipengele hicho, kwa asiyeona au asiyeweza kusukuma kiti chake mwenyewe, bure ni nusu tu. Tukiongezee na katazo la kutoza kiti cha magurudumu kama mzigo. Nimeona kikitozwa. Kiti ni miguu ya mtu, na miguu hailipi nauli.

Wengine huniuliza kwa nini nashikilia usafiri huu wa bure uwe sheria ya Bunge badala ya agizo la mkuu wa mkoa, ambalo lingepatikana haraka. Jibu langu liko South Yorkshire, kaskazini mwa England. Huko safari za basi zililindwa na sheria ya nchi, ila treni za bure zilikuwa hiari ya mamlaka ya mkoa. Mwaka 2014 bajeti ilipobana, treni ndizo zilizokatwa. Wazee wa Barnsley, mji wa mkoa huo, wakapanda treni bila tiketi kwenda stesheni ya Meadowhall, wakamwambia mkagua tiketi kwamba hawalipi, wakarudia wiki baada ya wiki. Walijiita Freedom Riders, jina la Wamarekani waliopinga ubaguzi wa rangi kwenye mabasi mwaka 1961. Mwezi Juni wawili walikamatwa katika stesheni ya Sheffield, na baadaye mashtaka yakafutwa. Mwishowe wenye ulemavu walirudishiwa treni za bure ndani ya mkoa, na wazee wakapata nusu nauli. Walipigana kwa ushujaa mkubwa, tena katika umri ambao mtu anastahili kupumzika, ili kurudishiwa sehemu tu ya kilichokuwa chao.

Kwa sasa tunachohitaji zaidi ya maandamano ni madaftari. Kila mzee na kila mwenye ulemavu aliye pamoja nasi anaandika, au anaandikiwa na mtoto wa nyumbani: tarehe, alikokwenda, mabasi mangapi, nauli, nani alimsindikiza. Safu ya mwisho ni ya safari ambazo hazikufanyika, na sababu yake. Wizara ikituuliza fidia itakuwa kiasi gani, safu zile za mwanzo zitajibu. Ile ya mwisho watu huisahau, kwa hiyo ukimsaidia bibi yako kuandika, muulize: wiki hii ulitaka kwenda wapi ukashindwa?